Mwali wa Kijani Asembo Bay

Saa moja asubuhi, Bildad Mbugua anapiga magoti ndani ya chumba cha baridi cha samaki, Asembo Bay. Umeme umezimwa. Mkononi ana taa ndogo ya gesi yenye kipande cha shaba, na mpira mwembamba unaofyonza hewa kandokando ya mabomba. Mwali ni wa samawati. Anausogeza mpira sakafuni, polepole, hadi kwenye kona.

Mwali unageuka kijani.

Hakuna harufu. Hakuna sauti. "Iko hapa," anasema, kama anayezungumzia mtu.

Mbugua, 61, ni fundi wa friji mwenye kibanda Kondele, Kisumu. Aliyemwita ni Dorca Opondo, mwuza samaki aliyenunua chumba hiki pamoja na mashine yake kuukuu. Mashine mpya inasubiri nje. Ya zamani lazima itolewe, na ndani yake kuna R12, gesi ya kupozea inayogeuza mwali kijani, iliyopigwa marufuku kufikia mwaka 2010.

"Baba, si ukate tu hiyo bomba?" Dorca anauliza mlangoni. "Samaki ya mbuta inafika saa nne. Hiyo gesi hata haionekani, na unaibembeleza kama mtoto mgonjwa."

"Nilikata, mama. Miaka kumi na minane nilikata."

Alianza kazi mwaka 1986. Kukata bomba huchukua dakika tano. Kuvuta gesi na kuiingiza mtungini huchukua muda wa saa nne. Malipo ni yale yale, shilingi 4,000.

"Bomba lilitoa sauti kama mtu anashusha pumzi, halafu kimya," anasema. "Nilidhani gesi imekwisha. Kumbe ilikuwa inapanda."

R12 hukaa hewani takriban miaka mia moja. Hufika juu baada ya miaka kadhaa, kwenye tabaka la ozoni linalotukinga na miale mikali ya jua. Huko miale hiyo huivunja na kuachia klorini. Chembe moja ya klorini huweza kuharibu maelfu ya chembe za ozoni kabla ya kutulia. Mbugua alijifunza haya kwenye mafunzo ya mafundi mwaka 2004. Anasema usiku ule hakula.

Dorca anatazama mwali. Kisha anapiga simu kuagiza barafu.

"Itanishikilia mpaka saa sita," anamwambia Mbugua. "Samaki ikioza, utakula wewe yote."

Saa tano na nusu mizani inaonyesha kilo 5.8 zimeingia mtungini. Kibao cha mashine kinasema ilijazwa saba.

Mbugua anarudisha mpira kwenye kona. Kijani. Anafungua mlango wazi, anasubiri, anajaribu tena. Samawati.

"Imetoka?" Dorca anauliza.

"Imetoka."

"Imeenda wapi?"

Mbugua anainua kidevu kuelekea juu. "Hiyo, mama, itatuzika sisi wawili."

Wanasayansi wanakadiria kwamba, marufuku ikiheshimiwa, sehemu kubwa ya tabaka hilo itarudi hali ya mwaka 1980 ifikapo 2040. Juu ya Antaktika, 2066. "Mwaka 2040 nitakuwa na 76," anasema Mbugua. "Nataka kufika."

Kibandani ana mitungi mitatu zaidi. Anapanga kuisafirisha yote Nairobi mwaka huu, gesi ikateketezwe. Jioni anaupanga huu mpya kando yake na kuandika uzito kwa chaki. Jumatatu ataipima tena, kuona kama gesi yote bado imo ndani.