Jino la Hekima na Simu ya Mama Neema

Tarehe tano mwezi wa sita nilifiwa na mke wangu, Mama Neema. Wiki chache baadaye taya langu likavimba, nikatoka Kitahana kwenda kwa daktari wa meno Kibondo.

Daktari, kijana mchangamfu, akanichungulia kinywani. "Ni jino la hekima, mzee. Limelala upande. Niling'oe, au utaendelea kulivumilia?"

Mama Neema angecheka sana kusikia nina hekima ya kung'olewa. Nilikuwa kama mtu aliyesinzia juani, mdomo ukasema wenyewe, "Ngoja nimuulize mke wangu."

"Safi! Nipe namba yake, nimweleze mimi."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema ukweli. Nikaona haya, nikataja namba. Akapiga, akasogea dirishani na kunipa mgongo.

Koti langu likaanza kuimba kwaya. Simu ya Mama Neema natembea nayo mfukoni ikiwa na chaji, maana watu bado wanapiga kutoa pole. Kwa mazoea, nikaipokea.

"Mwakeye, mama," daktari akasema kule dirishani, na sauti ile ile ikanifikia sikioni kama inatoka mbali sana. Salamu yetu ya Kiha huwezi kuiacha bila kuitikia.

"Mwakeye," nikajibu polepole.

"Mama, mzee wako anaogopa kung'olewa jino. Unasemaje?"

Nikafikiri Mama Neema angesemaje.

"Mng'oe tu," nikasema.

Daktari akageuka, simu ikiwa bado sikioni mwake, akanikuta nami nimeweka ya Mama Neema sikioni.