Bi Mwatima asuka mkeka wa maziko yake, majirani wamtilia shaka

Ni saa tatu asubuhi katika kijiji cha Ndagoni, kisiwani Mafia, na mlango wa Bi Mwatima Abeid umefungwa kwa ndani. Hodi ya tatu ndiyo inayojibiwa, tena kwa swali: "Nani kakutuma?"

Anapofungua, anaukagua kwa macho mkoba wa mwandishi kabla ya kuitikia shikamoo.

"Marahaba. Mkoba uache nje."

Sakafuni kuna mkeka usiokamilika. Ukindu wake, majani makavu ya mkindu, umetiwa rangi nyekundu, nyeusi na zambarau, na pembeni kuna safu ya samaki wanaotazamana. Vidole vya mama huyu wa miaka 71 vinarudi kwenye ukili, ule utepe mrefu unaosukwa kwanza ndipo ushonwe kuwa mkeka. Macho yake hayambanduki mgeni.

"Huu wa maziko yangu," anasema. "Ndicho ulichokuja kukiona, sivyo?"

Kwa miaka mingi Bi Mwatima alisuka mikeka myeupe ya kulalia na kuiuza Kilindoni. Wanawake wa kijijini walipofariki, aliitwa kuwaosha. Mapambo hakuwahi kuyawazia hadi alipofiwa na mumewe, Kombo, mvuvi aliyeacha nyavu za kukokota zilipokatazwa ndani ya hifadhi ya bahari, akageukia minazi.

"Alilazwa kwenye mkeka wa kuazima, umetoboka. Niliona haya. Nikasema wangu nitausuka mwenyewe, na samaki wa Kombo watakuwemo."

Hakuuanza mara moja. Mwaka jana daktari alipomwambia moyo wake umetanuka, ndipo alipotia ukindu rangi.

Jirani yake Kijakazi, aliyekuwa mgonjwa wa kitandani, aliuona akaomba asukiwe wake, wenye maua ya mlangilangi. Alikabidhiwa, akafurahi, na siku chache baadaye akafariki.

Hapo maneno yakaanza. Ikasemwa mkeka ndio uliomwita. Wateja wakapungua. Asubuhi moja Bi Mwatima alikuta sufuria lake la rangi limepinduliwa na kujazwa mchanga; aliyefanya hivyo hajajulikana hadi leo.

"Nikaacha kunywa chai ya mtu," anasema. "Wao wananiogopa, nami nawaogopa."

Kisha mkeka wake mwenyewe ukatoweka.

"Nilimshuku kila anayepita. Nikampigia simu mwanangu Awadh, anaendesha bodaboda Kilindoni. Namwambia nimeibiwa, yeye ananiuliza habari za minazi. Hapo ndipo nilipoingiwa na wasiwasi."

Alikodi pikipiki akaenda bila kumwarifu. Mkeka ulikuwa chini ya kitanda cha Awadh.

Awadh, ambaye siku hii amekuja kumletea mama yake dawa, anainamisha kichwa akieleza.

"Alikuwa anausuka kama mtu anayefunga mizigo. Nikaona usipokwisha, hataondoka."

"Ukaniacha nagombana na watu bure!" mama anamkatiza.

"Nilikosa, mama."

"Hukuniuliza. Mkono wangu ukiwa kwenye ukindu ndipo kifua kinapoachia. Kufa nitakufa, hata nikikaa bure. Nimeosha wengi, sijamwona aliyeuawa na mkeka."

Alirudi nao Ndagoni siku ile ile. Majirani aliowatuhumu aliwafuata nyumba kwa nyumba kuwaomba radhi. Wengine walimpokea, wengine walijibu wakiwa ndani.

Sasa amebakiza ukili wa mwisho, na ana mpango ambao bado haujamkaa sawa Awadh. Sikukuu ya Idi anataka kuutandika uani, aweke sinia la pilau katikati, awaalike wote.

"Wakila juu yake, wakamwaga mchuzi, watoto wakaukanyaga, wataogopa nini tena? Nitaufua. Siku yangu ikifika nilazwe juu yake, na watu wawe wameuzoea."

Je, watakuja?

Bi Mwatima anatazama dirishani, ambako mwanamke mmoja amesimama njiani kwa muda mrefu, akijifanya anafunga kanga.

"Huyo atakuja," anasema. "Hajui tu."