Kaburi la Utumbo wa Bwana Nasser

Watu wa mtaa wa Malindi walimjua Bwana Nasser kwa halua yake na kwa kaburi lake. Alipopasuliwa saratani ya utumbo mpana, mwaka 2005, aliomba apewe kipande kilichokatwa. Kikafungwa kitambaa cheupe, kikazikwa, kama inavyozikwa sehemu ya mwili wa Muislamu. Tangu hapo kila Ijumaa akawa anakwenda kukizuru.

"Nsalimie utumbo," mkewe, Bi Rukaiya, humwambia mlangoni. "Mwambie huku nyumbani tumebaki na tumbo tu."

Baada ya miaka mitatu maradhi yakarudi, safari hii kwenye ini. Daktari Wanu, binti wa Michenzani, alimweleza taratibu kwamba chembe zilizobaki baada ya upasuaji zilikuwa zikizaana, na kila zikizaana hubadilika kidogo.

"Nataka kulinganisha, mzee wangu. Kipande cha ini cha leo na kile cha utumbo wa zamani. Nikijua kilichobadilika, ntajua dawa ipi haitokufaa."

Bwana Nasser akavaa kofia yake, akaondoka bila ya kuaga.

"Wanataka kufukua kaburi!" alifoka nyumbani. "Mie sifukuliwi!"

Wiki nzima alikataa kurudi hospitali, akikoroga halua kwa hasira mpaka ikashika chini. Bi Rukaiya aliacha mzaha. Aliogopa. Tangu aolewe hajapata kula peke yake, na hakutaka kujifunza uzeeni. Akaenda mwenyewe kwa daktari.

Wanu alicheka mpaka akavua miwani. Hapakuwa na wa kufukua. Kijipande cha utumbo kilihifadhiwa ndani ya nta, maabara, tangu siku ya upasuaji.

"Kumbe miaka yote nnazuru maiti nusu!" Bwana Nasser alihamaki mkewe alipomhadithia. Lakini kesho yake alirudi hospitali.

Majibu yalionesha kwamba saratani ya ini ilibeba mabadiliko yale ya zamani na moja jipya, na hilo jipya lingeishinda dawa iliyokusudiwa. Akapangiwa nyingine. Wanu hakumficha: haitomponya, ila itampa muda.

"Na kipande cha ini kilichobaki, mzee? Utakizika?"

Bi Rukaiya keshatoa kitambaa cheupe mkobani. Bwana Nasser akamtazama.

"Kiacheni hukohuko. Maradhi yakibadilika tena mtakihitaji. Mie nshazikwa mara moja, yatosha. Mara ya pili ntakwenda mwenyewe, na sina haraka."

Bi Rukaiya akajifuta machozi kwa kitambaa kile kile.