Meno ya Naibu

Ni mimi niliyewatia simbilisi wawili madume kwenye kreti moja, na mpaka leo siombi msamaha. Juzi sokoni Suna nilimwona muuzaji amewatenga simbilisi wake, kila mmoja na boksi lake, nikacheka peke yangu watu wakanishangaa.

Nilikuwa na miaka saba. Alasiri hiyo nyumbani Karungu kulinuka dagaa wa omena walioanikwa. Mama alikuwa amenionya nisiwachanganye, lakini mimi nilijua zaidi. Simbilisi hao, Jakom, yaani mwenyekiti, na Naibu wake, walizungukana polepole wakigonganisha meno, krr krr, nami nikadhani wanachekeana. Sasa najua walikuwa wakitishana. Ghafla wakarukiana, Naibu akajigonga kwenye ukingo wa kreti, akabaki na damu mdomoni na meno mawili ya chini yamevunjika.

“Huyu atakufa njaa,” Mama akasema, akiwaachanisha kwa ufagio. “Umefurahi sasa?”

Dani, mama yake baba, alikuwa ameketi mlangoni. Yeye aling’olewa meno sita ya chini alipokuwa msichana, kama Wajaluo wa zamani walivyong’olewa ili wahesabiwe watu wazima, na hakuna samaki aliyewahi kumshinda. Nikamnyooshea kidole bila aibu.

“Hafi! Dani hana meno ya chini na anamaliza ngege mzima. Naibu amekuwa mtu mzima tu!”

Dani alicheka hadi akatoa machozi. Mama hakucheka. Aliniwekea kisu na rundo la nyasi miguuni.

“Dani ana vidole, na ana wajukuu wa kutuma. Huyu ana wewe tu. Anza kukatakata.”