Mfupa wa Maksai

Bariadi nzima ilisema, nami nikaamini, kwamba gitaa likiwekwa mfupa wa maksai aliyefia kwenye plau husikika hadi Nyashimo. Langu kanisani, pamoja na maiki mbele yake, halikufika hata benchi la pili. Basi nikang'oa kile kidaraja cha plastiki kinachobeba nyuzi, nikachonga kingine cha mfupa huo, nikasugua kwa msasa mpaka vidole vikakaribia kuisha. Nyumbani liliunguruma, kuku wakahama mji. Jumapili, kimya kilekile.

"Liboreshe tu, mdogo wangu, linakaribia!" mwalimu wa kwaya alinitia moyo.

Nikanunua nyuzi mpya. Kimya. Nilipoanza kusaka vikazio vipya vya nyuzi, dada mmoja wa sauti ya pili alinihurumia.

"Kaka, gitaa lako ni zima. Mwalimu anakuzimia maiki tangu ulipojiunga."