Udongo Laini wa Ukingo wa Sabaki

Mama alitaka kuzikwa juu, kando ya baba, na hilo nililisikia kwa masikio yangu. Lakini juu kwetu ni mwamba wa matumbawe. Siku ya mazishi tulipiga mtaimbo asubuhi nzima, na kufika saa sita shimo lilinifika magotini tu. Viganja vilikuwa vimechubuka. Nikasema tushuke chini, kwenye kona ya mto, kule udongo ni laini.

Mama mkubwa, dada yake marehemu, akaniita kando. "Mwanangu, huko si mtoni?"

"Mwenyewe aliniambia, mama. Alisema chini kuna upepo."

Nilimsingizia maiti. Kaburi lilikwisha kabla ya alasiri, na wenzangu wakatania kwamba hata kuku angelifukua.

Siwezi kusema sikujua. Nimelima kando ya Sabaki tangu utotoni. Udongo ule ni laini kwa sababu mto wenyewe uliutoa bara, ukautua pale wakati wa mafuriko ya zamani. Na mto ukipinda, upande wa ndani huacha mchanga, upande wa nje hula ukingo. Kaburi nililiweka upande wa nje. Mahindi yetu yamewahi kuliwa hapo hapo, mistari minne kwa msimu mmoja.

Mwaka wa pili mvua za bara zilizidi. Maji yalishuka mekundu, mazito kama uji, siku tatu. Yalipopungua, ukingo ulikuwa umekatwa wima kama kwa panga, na kaburi halipo.

Nilifuata mto hadi unapoingia baharini. Changarawe ilibaki karibu, mchanga ulitua mbele zaidi, na tope jepesi lilikwenda na maji hadi bahari ya Malindi ikawa nyekundu. Nilisimama juu ya fungu jipya la mchanga nisijue nikimpata nitafanya nini.

Watu walipokuja kunipa pole, mama mkubwa aliwaambia, "Msimlaumu. Ndivyo alivyotaka marehemu mwenyewe."

Nilivumilia juma moja. Kisha nikamfuata kwake, akichambua mchicha, nikamwambia mama hakutaja upepo wowote. Nilichoka tu kupiga mwamba.

"Mimi nimemkasirikia mdogo wangu muda wote huu," akasema. "Kwamba neno la mwisho alikupa wewe, mimi akaninyima."

Hilo sikuwa nimelifikiria kamwe.