Nilipoandika Malaria

Nilisikia kikohozi kwanza. Kilipenya ukuta wa mbao kati ya ofisi yangu na labo ya kemia, kikavu, kikirudi kabla hakijaisha, kama mtu anayegombana na pumzi yake mwenyewe. Kisha ndoo ikaanguka. Nilipofika, mama aliyesafisha labo alikuwa amepiga magoti mlangoni, kitenge mdomoni, na nyuma yake moshi wa rangi ya ndimu ukitambaa sakafuni.

Nilikuwa nimeajiriwa na chuo kikuu kimoja hapa Bunia kutunza kitabu cha matukio: walioumia kazini, walioshikwa na ugonjwa, moto. Kila tukio liliandikwa ndani ya siku mbili, mwenyewe akatia sahihi, na karatasi ikaenda naye kwa waganga. Lakini watu walinikwepa. Kwao, kuandika ajali kulikuwa sawa na kushitaki. Mtu akivunjika mkono, wenzake walimtembelea na sukari na sabuni, wakamwombea, basi. Mlinzi wa getini alinitania kila asubuhi: "Sekretere, buku yako iko na njaa! Leo unatafuta nani umukule?"

Shefu wa labo aliweka asidi kwenye chupa za maji ya kunywa, maana chupa zake zenyewe zilikwisha kuvunjika. Alizitambua kwa mkwaruzo mdogo aliouchora kwenye kizibo kwa msumari. Yeye tu. Siku ile bomba lilikauka. Mama akaona chupa mezani, akaimimina kwenye ndoo ya javeli, ile dawa kali ya kusafishia, apate maji ya kutosha sakafu nzima; viwili hivyo vikikutana hutoa moshi wa sumu.

Shefu na mama walikuja ofisini kwangu wote wawili.

"Andika malaria," shefu alisema. "Kila mutu hapa iko na malaria."

Nilimgeukia mama. Macho yake yalikuwa mekundu, yakitiririka.

"Andika vile, mutoto yangu," alisema. "Siye tulikimbia vita ya Djugu na nguo ya mwilini. Kazi hii njo shamba yangu. Ukiandika aksida ya kazi, kesho watatafuta mwingine."

Niliandika malaria. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri kama siku zote, na hilo ndilo linaloniudhi hadi leo.

Usiku ule sikulala vizuri, na asubuhi sikuweza kukaa. Nilizunguka meza, nilifungua dirisha, nililifunga. Mchana nikaenda kituo cha afya cha Nyakasanza, mama alikolazwa na ile karatasi. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Kila pumzi aliivuta kwa mabega.

Muuguzi alinionyesha karatasi yangu. "Hii inasema malaria. Damu inasema hapana. Mi nisikie nani?"

Nilimweleza yote, chupa, javeli, moshi. Alisema mama anahitaji oksijeni, na oksijeni iko hospitali kubwa. Chuo kitamgharamia kule iwapo tu kimeandika kwamba aliumia kazini.

Nilirudi mbio kuchukua kitabu. Zilibaki saa chache siku ya pili iishe. Shefu alinikuta nikikitia begani.

"Weye unaniuza," alisema, polepole, bila hasira.

"Mama nilimuuza jana, shefu," nilimjibu. "Leo naandika."

Kitandani kwa mama nilifuta mstari wa kwanza kwa mchoro mmoja mrefu, nikaandika upya chini yake, nikamsomea. Mpwa wake, msichana aliyemshika mgongo, alisikiliza pia.

"Na kazi yangu?" mama aliuliza.

"Sijui, mama. Sitakudanganya."

Nje pikipiki iliunguruma. Mpwa alikwisha kuiita iwapeleke hospitali kubwa.

"Soma tena pale pa chupa," mama alisema.

"'Chupa ilikuwa na asidi. Haikuandikwa jina lolote.'"

"Njo vile," alisema. Alichukua kalamu, akaandika jina lake herufi kwa herufi, akipumzika katikati, mpaka nikaona aibu kuushikilia ule ukurasa. Nilichana nakala, nikampa. Aliikunja, akaiingiza kifuani, akamwegemea mpwa wake na kusimama.

"Kama wananifukuza," aliniambia, "utakuja kuniambia weye mwenyewe. Hapana kutuma mutu."

Nilikubali. Walitoka taratibu, hatua kwa hatua, na mlango ukafungwa nyuma yao.